Bahasha Tupu ya Jirani

Waombolezaji wenzetu, ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka machimboni kwa miguu vumbi la kokoto likiwa bado kwenye nyusi zenu, poleni kwa msiba, poleni kwa njia, poleni pia kwa kusimama, kwa sababu viti tulivyoazima havikutosha, na marehemu mwenyewe angekuwa wa kwanza kuinuka ampishe mwingine. Familia inaomba mtuvumilie tuwasimulie maisha yake hatua kwa hatua kama yalivyokuwa, maneno yakiwa yameandikwa na binti yake na kusomwa na kaka yake mkubwa. Tunawaambia mapema kwamba humu ndani ipo aya moja ambayo familia ilibishania siku mbili nzima, wapo waliotaka ifutwe na wapo waliotaka ibaki, na marehemu mwenyewe aliiagiza akiwa kitandani. Ikifika zamu yake mtaisikia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Bahasha, alizaliwa tarehe 11 Mei 1960 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho kilichopakana na karakana, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa fundi wa breki za mabehewa na mkewe mshonaji. Mama yao alipenda kusimulia kwamba siku ile karakana iligonga chuma tangu asubuhi na mtoto hakulia, alitulia kama anayesikiliza, na baba yao akasema huyu atakuwa mtu wa kuvumilia makelele ya watu, neno ambalo lilitimia kuliko yeye mwenyewe alivyodhani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, ile iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1974, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana kuanzia 1975 hadi 1978, ambako hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, na mwalimu wake wa kemia alimwandikia kwenye ripoti kwamba ana mkono mwepesi na mdomo mzito. Kaka yake hakukubaliana na nusu ya pili ya ripoti hiyo, kwa kuwa nyumbani alimwita Mkaidi, na alikuwa na sababu. Mwaka 1979 aliingia chuo cha ufamasia cha mkoa, akahitimu tarehe 4 Desemba 1981, na picha ya siku hiyo mmeiona pale mlangoni, yeye akiwa wa pili kutoka kushoto, amefumba macho, jambo lililomkera maisha yake yote.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa kwenye dirisha la dawa la hospitali ya wilaya. Dirisha lile lilikuwa tundu la nusu duara katika kioo, limekatwa chini mno, hivi kwamba mgonjwa alilazimika kuinama na kupenyeza maneno yake kama anayeomba kutolewa rumande, naye tangu juma la kwanza alisema kwamba mtu aliyeinama haulizi swali, anapokea na kuondoka. Aliomba tundu lipandishwe, akaambiwa asubiri bajeti, akasubiri miaka minne, mwishowe akamlilia seremala wa wodini, naye seremala akalipandisha wakati wa mapumziko ya mchana, na hadi leo hakuna ofisi iliyouliza limepandaje.

Ni kwenye chumba kile cha dawa ndiko alikokutana na mumewe, fundi bomba aliyeitwa kurekebisha sinki lililovuja. Sinki lilipona, likavuja tena juma lililofuata, likapona, likavuja tena, mpaka muuguzi mkuu akamuuliza fundi hadharani kama anarekebisha bomba au anarekebisha jambo lingine. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983, na Mungu akawajalia watoto watatu, kifungua mimba aliyefuata ufundi wa baba yake, wa pili ambaye ni mwalimu, na kitinda mimba, binti, aliyefuata dirisha la mama yake, ingawa mama alimsihi asifuate, akimwambia kazi hii inakula miguu.

Kwa miaka kumi na mitano aliyokaa pale hospitalini jambo moja lilimnyima raha. Watu wa machimbo ya kokoto, walio ng'ambo ya mto, hakuwaona dirishani wakija kwa miguu yao, aliwaona wakiletwa wamebebwa, ugonjwa ukiwa umekwisha kufanya kazi yake, na akiwauliza kwa nini hawakuja mapema walimjibu kwamba kutoka machimboni hadi hospitalini ni kupoteza siku ya kazi kwenda na nyingine kurudi. Akaandika maombi, akaketi kwenye mabenchi ya ofisi ambazo hatutazitaja, akaambiwa eneo lile halina wakazi wa kudumu, naye akajibu kwamba kikohozi chao ni cha kudumu. Hatimaye tarehe 3 Februari 1997 alikubaliwa kufungua dirisha la dawa katika chumba cha zamani cha mizani, pale malori ya kokoto yalipokuwa yakipimwa, chumba chenye mlango mmoja, rafu tatu, jokofu la mafuta ya taa, na ubao wa kuhesabia vidonge ambao aliufuta vumbi kila baada ya mgonjwa.

Hapo ndipo alipokutana na jambo ambalo chuo hakikumfundisha. Mpasua mawe mmoja, mwenye kifua kibovu, alipewa dozi kamili, akaelezwa vizuri, akarudi baada ya majuma mawili akiwa hoi kuliko mwanzo, na marehemu, ambaye hakuwa na maneno matamu akichoka, alimkemea mbele ya foleni kwamba amezitupa dawa. Mke wa yule bwana akajitokeza kutoka nyuma, mtoto mgongoni, akaeleza kwa upole kwamba hakuna kidonge kilichotupwa, vyote vilinywewa, ila chumba cha mkono wa kulia kulikuwa na anayekohoa, na cha mkono wa kushoto wawili, kwa hiyo waligawana.

"Mama, sisi hatujui kula huku jirani anatutazama," alisema. "Chumvi tunagawana, maji tunagawana, sasa kidonge kimekuwa nani?"

Marehemu alikuwa akisema kwamba yule mama alikuwa anamwelezea wema, na wema huo ndio uliokuwa unaua. Alijaribu kuwakataza, wakaitikia ndiyo kwa heshima zote, wakaenda kugawana. Ndipo akabuni fungu la jirani, yaani kila mgonjwa alipewa dawa yake, na kando yake pakiti ndogo ya vitamini na chumvi ya kutibu kuharisha, akaambiwa hii ni yako peke yako uimalize, na hii mpe yeyote atakayekuomba. Ikaonekana kuwa mbinu nzuri, vifua vikaanza kupona, foleni ikaanza kumcheka na kumpenda, wakasema Mama huyu anatoa dawa na nyongeza kama muuza nyanya.

Lakini njia ya mkato si kila mara hufika. Mwezi Oktoba 1998 mama mmoja aliyepewa fungu la jirani alimnywesha mtoto wake mwenye homa kali vitamini zile, akiamini ni dawa, akasubiri homa ishuke, na mtoto akaletwa akiwa ameanza kukakamaa. Mtoto yule alipona, tunashukuru, na leo ni mama wa watoto wawili na yuko nasi hapa. Mkaguzi wa dawa alifika tarehe 2 Novemba, akakagua rafu, akasikiliza habari yote bila kukatiza, kisha akamwambia marehemu kwa sauti ya chini kabisa, "Umempa dawa mtu ambaye hujamwona uso." Watu waliokuwepo walitegemea Mkaidi ajitetee, awaeleze habari za majirani na chumvi, lakini alivua koti jeupe, akalikunja, akasema, "Ni kweli. Funga."

Dirisha lilifungwa miezi saba, na miezi hiyo ilimzeesha. Alihamishiwa bohari ya dawa kuhesabu makasha, akawa anarudi nyumbani jioni, anakaa kwenye ngazi ya jikoni, na mumewe, ambaye dawa yake ya huzuni ilikuwa kazi, alibomoa na kujenga upya mabomba ya nyumba nzima ili tu mkewe asikae kimya peke yake. Siku moja binti yake, akiwa bado mdogo, alikuwa akicheza duka na bahasha ndogo za dawa, zile zinazochorwa jua na mwezi, akampelekea mama yake moja isiyokuwa na kitu ndani, akamwambia akitaka vitu vyake aje dukani. Marehemu aliigeuza ile bahasha mkononi muda mrefu, chai ikapoa.

Dirisha lilipofunguliwa tena tarehe 7 Juni 1999, kila mgonjwa aliondoka na dawa yake na bahasha tupu. Jirani akiomba kugawiwa, hanyimwi, anapewa bahasha, na bahasha ile ndiyo inayomleta dirishani, aonwe uso, aulizwe, apimwe, apewe ya kwake au apelekwe hospitalini. Mwanzoni walimdhihaki, wakasema bahasha tupu ni salamu bila mkono, mzee mmoja aliitia tumbaku na kudai kwamba imemponya, na mama mmoja alifika na bahasha sita akidai majirani wake wote wako hoi, akaambiwa basi na waje wote sita, naye akakiri huku akicheka kwamba wanne ni yeye mwenyewe. Lakini kidogokidogo ikawa kunyima bahasha ni uchoyo na kugawa kidonge ni ujinga, na foleni ikarefuka mpaka kwenye bamba la kupimia malori. Ukarimu wao haukuondolewa, ulipewa kitu kingine cha kugawa. Mkaguzi yuleyule ndiye aliyeandika barua ya kuomba madirisha mengine, likafunguliwa la pili bonde la wafyatua matofali mwaka 2003, la tatu soko la vyuma chakavu mwaka 2007, na la nne kambi ya wakata kuni mwaka 2012, na yote manne aliyasimamia yeye, kwa zamu, kwa miguu na kwa baiskeli, na mvua ikinyesha sana, kwa lori la kokoto.

Hatutaki kupamba maneno. Kazi ile ilimchosha. Alisimama mpaka vifundo vya miguu vikawa vinafura kila jioni kama mikate, akanunua viatu vya kiume kwa sababu vya kike havikumwingia tena, akasahau siku za kuzaliwa za wajukuu, akasinzia harusini kwa mwanawe mwalimu, kwenye meza ya mbele kabisa, na mpiga picha hakumhurumia. Alitakiwa astaafu tarehe 11 Mei 2020. Mfamasia wa kwanza aliyeletwa kumpokea alikaa mpaka mvua za kwanza, wa pili alikaa mpaka alipoona choo, wa tatu tulimsikia tu kwenye barua. Wale wawili marehemu aliwaelekeza vizuri, akawakabidhi funguo, na kila mara funguo zilirudi, akazitundika tena kwenye msumari ule ule, na mumewe alipomuuliza atapumzika lini, alijibu kwamba foleni ikiisha.

Sasa tumefika kwenye aya ile.

Marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu mwaka 2011, akawa anakunywa kidonge kimoja kila asubuhi baada ya chai, na hali yake ilikuwa ya kuridhisha. Mwezi Aprili mwaka huu wa 2023 mto ulibeba daraja, magari ya bohari hayakuvuka, na dawa za presha zikawa haba katika madirisha yote manne. Walikuwepo wagonjwa waliotumia dawa ile ile anayotumia yeye, watu wazima, wamekuja na bahasha zao kama alivyowafundisha, na rafu haina kitu. Mumewe alimwona asubuhi akikata kidonge chake kwa kisu butu cha kuhesabia vidonge, akamuuliza, akajibiwa kwamba daktari amempunguzia. Daktari hakuwa amempunguzia. Alianza kwa nusu, kisha akawa anaruka siku, na zilizobaki aliziweka dirishani. Waliozipokea hawakujua, waliambiwa ni dawa zilizobaki stoo, na familia inawaomba waliopo hapa wasijilaumu hata chembe, kwa kuwa wao walifuata alivyowafundisha, aliyekiuka ni yeye.

Tarehe 28 Agosti alianguka dirishani, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, akapelekwa hospitali ya wilaya kwa lori la kokoto lililovuka mto kwa kupita majini, akalazwa kwa kiharusi, mkono wa kulia hauinuki na mdomo umepinda. Daktari alipomuuliza alivyokuwa akitumia dawa, alimweleza yote bila kuficha, polepole, herufi zikimkataa. Daktari alikaa kitandani pake, akamwambia kwamba moyo wake umekuwa ukivuta mzigo peke yake kwa miezi, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa hesabu anayoijua. Siku chache baadaye, binti yake akimlisha uji, aliushika mkono wenye kijiko kwa mkono wake wa kushoto, akasema maneno ambayo binti alilazimika kuyaomba mara mbili.

"Mkija kunisoma, msiseme presha. Semeni niligawa. Wakisikia presha watasema siku zangu zimefika, wataendelea kugawana."

Alifariki tarehe 17 Septemba 2023, saa tatu asubuhi, wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha, mumewe akiwa ameshika ule mkono uliokuwa bado unajua kushika.

Familia ilipokaa kuandaa maneno haya, kaka yake, ambaye ndiye anayewasomea, alikataa katakata. Alisema dada yake amefundisha watu kwa miaka ishirini na sita wasigawane dawa, na sasa tusimame mbele ya wanafunzi wake tuwatangazie kwamba mwalimu amekufa kwa kosa hilo hilo, tumvue nguo akiwa hana mikono ya kujisitiri. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha," alisema, "na mwosha hapigi mbiu." Mumewe alilia. Binti alisema ndivyo mama alivyoagiza, akaambiwa na mjomba wake kwamba mgonjwa anaagiza mengi. Ubishi ukaendelea hivyo, tukalala nao, tukaamka nao.

Siku ya pili wifi yake marehemu, mke wa huyo huyo kaka, ambaye muda wote alikuwa pembeni akikunja mashuka ya wageni, alikunja lililokuwa mkononi mpaka likaisha, akasema bila kumtazama mtu, "Baba, isome. Mimi na wewe tangu ustaafu tunakunywa kidonge cha mtu mmoja, leo wewe kesho mimi. Wifi aliketi kwetu akala na akaondoka, hatukumwambia, tuliona haya. Sasa tukinyamaza, nani atafuata?"

Kaka aliomba maji, akanywa, akasema aya ibaki, na kwamba ataisoma yeye mwenyewe asipewe mwingine. Alimwomba mkewe ruhusa ya kusoma na hayo maneno yake, naye akasema ayasome, maana haya imeshamgharimu wifi mmoja.

Ndiyo maana pale kwenye lango, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mtaliona kasha la bati, ni lile lake la dirishani, lina bahasha tupu. Yeyote ambaye nyumbani kwake kidonge cha mmoja kinanywewa na wawili, awe mzazi na mwana, awe mume na mke, awe jirani na jirani, achukue moja akitoka, hataulizwa jina wala hatatazamwa. Mbili zimekwisha kuchukuliwa leo asubuhi, na aliyezichukua anawasomea. Dirisha la machimboni, ambalo halijafunguliwa tangu alipoanguka, litafunguliwa Jumatatu, binti yake ameomba likizo huko anakofanya kazi, atakaa kadiri atakavyoruhusiwa, na baada ya hapo hatujui, hatuwezi kuwaahidi tusichokijua. Halmashauri ipo hapa, imesikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hususan yule daktari aliyekubali kuketi wakati wa kusema jambo zito, tunamshukuru dereva wa lori la kokoto aliyemwaga mzigo wake barabarani ili ambebe, wafanyakazi wenzake wa madirisha yote manne na wa bohari, mkaguzi mstaafu ambaye amefika na fimbo yake na ambaye marehemu alimwita rafiki aliyemfungia, majirani waliopika, waliochota maji, waliolala kwenye mikeka pamoja nasi, na seremala wa wodini, mzee sasa, aliyetengeneza jeneza hili kwa mikono ile ile iliyopandisha lile tundu. Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, ndugu wanne, na ninyi.

Mama Bahasha, dada yetu, Mkaidi wetu, umesimama mno. Funguo zipo kwenye msumari, koti limefuliwa, na upande wako wa dirisha hakuna tena aliyesimama. Keti sasa, vua hivyo viatu vya kiume. Pumzika kwa amani.